Breki za diski zinapolia: mwongozo wa kutibu pedi zilizoingia mafuta kwenye baiskeli ya milimani

Kuna kelele mbili za breki ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile inayolia huku breki ikishika vizuri. Inaudhi, lakini baiskeli inasimama. Ya pili ni yowe linalofuatana na breki kuteleza. Unabana mkono wa breki hadi vidole vinauma, gurudumu linapiga kelele kama bata mzinga, na baiskeli inazidi kuteremka kana kwamba hujafanya kitu. Hii ya pili, karibu kila mara, ni mafuta. Yameingia kwenye pedi, vile vipande viwili vinavyobana diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), na pedi imekuwa utelezi mtupu.

Mwongozo huu ni wa hiyo ya pili, ingawa ya kwanza nayo nitaigusa. Utaratibu wenyewe nilijifunza kwa hasara. Nilinunua pedi mpya nikazifunga kwenye diski chafu, zikaharibika siku ileile. Nikanunua nyingine, safari hii nikaisugua diski mpaka ikang'aa, na baada ya wiki mbili yowe likarudi, kwa sababu sikuwa nimejiuliza mafuta yalikuwa yanatoka wapi. Jozi ya tatu ndiyo iliyonitia akili. Chanzo kwanza, diski ya pili, pedi mwisho. Ukianzia kwenye pedi, kama wengi wanavyofanya, unatwanga maji kwenye kinu.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, tega sikio. Kisha fanya hivyo nyuma. Halafu panda baiskeli, nenda polepole mahali tambarare, bana breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Usishangae ukigundua kwamba uliyokuwa ukiilaumu siyo. Sauti husafiri kwenye fremu, na ya nyuma hupenda kujifanya ya mbele.

Ukisikia "tsi... tsi... tsi..." inayokuja mara moja kwa kila mzunguko hata bila kubana breki, diski imepinda mahali fulani. Mkwaruzo usiokatika maana yake kalipa, kile kifaa kinachobeba pedi na kuzibana kwenye diski, haijakaa katikati. Mlio mzito wa chuma kusaga chuma ni habari mbaya zaidi: pedi imekwisha na bamba la nyuma linalamba diski. Acha kuendesha hapohapo, maana kila mita unayoongeza inaila diski.

Kama breki hulia ikilowa tu, halafu hunyamaza baada ya kubana mara kadhaa, haina ugonjwa wowote. Maji hufanya hivyo kwa pedi zote, na zaidi kwa pedi za chuma, yaani zile zenye unga mwingi wa chuma. Iache.

Na kama inalia kwa sauti ya kutetemeka lakini inashika kisawasawa, angalia kwanza kilicholegea. Bolti za kalipa, bolti za diski, ekseli ya gurudumu, spoku, beringi za habu, hata beringi za usukani. Kitu chochote kinachocheza kati ya tairi na mkono wako kinaweza kugeuka spika. Nimewahi kuona mtu akisugua pedi jioni nzima wakati bolti moja ya kalipa ilikuwa inazungushika kwa vidole.

Yakishaondolewa hayo yote, na breki bado inalia na haishiki, basi twende kwenye mafuta.

Kwa nini tone moja linatosha

Pedi si kipande cha mpira wala cha chuma kitupu. Ni unga wa vitu vingi ulioshindiliwa na kugandishwa kwenye bamba la chuma, na ndani yake kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mafuta yakigusa uso wake hayabaki juu. Ukibana breki, joto linapanda, mafuta yanakuwa mepesi na kunywewa ndani. Ndiyo maana kuipangusa pedi kwa kitambaa hakusaidii: unapangusa uso, na kwenye mteremko unaofuata joto linayasukuma nje tena yaliyojificha.

Diski ni tofauti. Ni chuma cha pua, hainywi kitu. Kilichoko juu yake kinaweza kutoka chote. Shika tofauti hiyo kichwani, maana maamuzi yote ya mbele yanaitegemea: diski karibu kila mara inaokolewa, pedi ni bahati nasibu.

Yowe lenyewe linatokea hivi. Pedi safi hushika diski kwa mfululizo. Pedi yenye mafuta hushika, ikateleza, ikashika, ikateleza, mara mamia kwa sekunde. Diski ni nyembamba, diski mpya nyingi zina unene wa takriban milimita 1.8, kwa hiyo inaitikia kama kengele iliyogongwa bila kupumzika.

Mafuta yametoka wapi?

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mtu akiniuliza nitaje mshukiwa mmoja tu, nitataja mkebe wa kupulizia. Oili ya mnyororo ya kupulizia inatoka kama ukungu, na ukungu hauna adabu. Unaelekezwa kwenye mnyororo, unatua kwenye diski ya nyuma iliyo umbali wa kiganja tu. Dawa za kung'arisha fremu zenye silikoni ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hazionekani wala hazinuki, na zikishika zimeshika. Hata kama ulipulizia baiskeli nyingine iliyosimama jirani, inatosha.

Wa pili ni vidole. Mafuta ya ngozi ni kidogo, lakini mtu anayebadilisha tairi huwa ametoka kushika mnyororo, kisha anashika diski ili aongoze gurudumu liingie mahali pake. Alama ya kidole inabaki pale mpaka breki iipike.

Sabuni nazo. Baadhi ya sabuni za vyombo huongezwa vitu vya kulainisha mikono, na shampuu nyingi za magari zina nta. Vyote viwili vinaacha utando. Anayeosha baiskeli kwa bidii kila wiki anaweza kuwa ndiye anayeichafua.

Mbele, chunguza uma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele; ule wa springi una mafuta ndani. Sili za uma au bolti za chini zikivuja, mafuta huteremka taratibu kwenye mguu wa uma mpaka karibu na kalipa. Pitisha kidole chini ya mguu wa kushoto; kikirudi kimelowa, umempata.

Halafu kuna mshukiwa ambaye watu hawapendi kumfikiria, kwa sababu dawa yake ni ghali: breki yenyewe. Kwenye breki za maji, zile ambazo oili husukuma pistoni ndani ya kalipa ili zibane pedi, sili za pistoni zikichoka, oili ya breki hupenya taratibu na kulowesha pedi kutokea nyuma. Dalili yake ni kwamba umebadilisha pedi, umesafisha diski, hujapulizia chochote, na wiki mbili baadaye tatizo limerudi. Nitaeleza jinsi ya kulipima mbele kidogo. Breki za waya hazina ugonjwa huu.

Usisahau pia diski mpya kabisa. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na utando mwembamba wa mafuta ya kuzuia kutu au mabaki ya utengenezaji. Isafishe kabla ya kuifunga, hata kama imetoka kwenye mfuko ambao haujafunguliwa.

Vitu vya kuandaa

Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi. Hiki ndicho kitu cha lazima. Inayeyusha mafuta, inakauka yenyewe, haiachi kitu. Spiriti ya kusafishia vidonda si mbadala wa uhakika, kwa sababu aina nyingine huongezwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi. Soma kibandiko, na ukiona neno mafuta iache. Petroli, dizeli na mafuta ya taa zisikaribie kabisa.

Vitambaa safi ambavyo havijawahi kugusa mnyororo, au karatasi za jikoni. Glavu za mpira mwembamba. Msasa wa namba kati ya 80 na 120 kwa pedi, na mwingine laini zaidi, kama namba 220, kwa diski. Kitu bapa kabisa cha kuwekea msasa: kipande cha kioo au kigae. Spana za pembe sita za ukubwa unaotakiwa, koleo ndogo la kunyooshea pini, pamba za masikio, na kipande cha plastiki kipana cha kurudishia pistoni. Kile cha kutolea tairi kinafaa. Barakoa pia, kwa sababu vumbi la pedi si la kuvuta.

Alkoholi inashika moto haraka. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Hatua ya kwanza: toa gurudumu na pedi

Kabla ya chochote, safisha mnyororo na gia kama ni vichafu. Ukiacha kazi hiyo ya mwisho utairushia diski safi uchafu uleule.

Toa gurudumu. Kuanzia sasa usiguse mkono wa breki. Bila diski katikati, pistoni zitatoka kuelekea katikati bila kizuizi, na zikisogea sana kuzirudisha ni shughuli, au zitoke kabisa na oili imwagike. Kama kuna watoto nyumbani funga kipande cha mbao au plastiki kati ya pedi, kwa sababu mkono wa breki una mvuto wake kwa watoto.

Pedi nyingi zinashikiliwa na pini au skrubu inayopita katikati, yenye kiklipu kidogo mwishoni. Toa klipu kwanza na uiweke mahali ambapo hutaitafuta kwa magoti. Nyoosha au fungua pini, ivute, kisha toa pedi zote mbili pamoja na springi iliyo katikati yake. Angalia jinsi springi ilivyokaa kabla hujaitenganisha. Piga picha kwa simu, haidhuru. Weka alama ya kalamu nyuma ya kila pedi, ya kushoto na ya kulia.

Sasa zitazame kwenye mwanga. Pedi yenye afya ina uso mkavu, usiong'aa, kama tofali. Pedi iliyoungua ina uso unaong'aa kama kioo cheusi, lakini ni mkavu. Pedi yenye mafuta nayo hung'aa, ila ukiiinamisha utaona giza lisilo sawa, mahali peusi zaidi kuliko pengine, mara nyingi likianzia pembeni. Kama giza linaanzia upande wa bamba na bamba lenyewe limelowa, umeshapata jibu: kalipa inavuja.

Pima na unene. Watengenezaji wa breki Shimano wanataka pedi ibadilishwe nyama yake, ile sehemu inayosugua diski, ikibaki milimita 0.5, SRAM wanahesabu nyama na bamba pamoja, na wanataka jumla isipungue milimita 3. Kama umefika hapo, acha kusoma habari za msasa, nunua pedi, na uruke mpaka kwenye diski.

Hatua ya pili: chunguza kalipa

Pangusa ndani ya kalipa kwa pamba ya masikio iliyochovywa alkoholi. Zungusha pamba kwenye ukingo wa kila pistoni. Ya kwanza itatoka nyeusi, hilo ni vumbi la pedi tu, lisikutishe. Badilisha pamba mpaka itoke safi.

Kama unashuku uvujaji, kipimo chake ni rahisi ila kinataka subira. Weka kati ya pistoni kipande cha plastiki kinene kilichokuja na breki au ubao uliochongwa ukatosha vizuri, usiocheza. Bana mkono wa breki kwa nguvu, uufunge kwa mpira au kamba ubaki umebanwa, kisha zungushia kalipa karatasi nyeupe ya choo. Lala. Asubuhi fungua. Karatasi ikiwa kavu, sili ni nzima. Ukikuta doa, hata dogo kama punje ya mchele, usihangaike na pedi mpaka kalipa itengenezwe au ibadilishwe. Baadhi ya watengenezaji huuza sili peke yake, wengine hawauzi, inabidi ununue kalipa nzima. Inauma, lakini inauma zaidi ukiwa umemaliza jozi nne za pedi kabla ya kukubali.

Jambo moja kuhusu oili: breki nyingine hutumia oili ya madini, nyingine maji ya DOT, yaani maji ya breki kama ya magari. Haviingiliani hata kidogo. Ukiweka kimoja mahali pa kingine sili zinavimba au kuoza. Maji ya DOT pia hula rangi ya fremu, kwa hiyo yakidondoka pangusa mara moja.

Mwisho, sukuma pistoni zirudi ndani kwa plastiki, taratibu, ukiisukuma kila moja katikati, siyo pembeni. Usitumie bisibisi. Pistoni nyingi ni za seramiki au plastiki ngumu, na zinapasuka.

Hatua ya tatu: diski

Vaa glavu mpya. Nasema mpya kwa sababu zile ulizotolea pedi tayari zina mafuta.

Lowesha kitambaa kwa alkoholi, shika diski kwa kitambaa pande zote mbili, na uzungushe gurudumu. Kitambaa kitatoka na mstari mweusi. Geuza upande, rudia. Mstari utakuwa wa kijivu, halafu wa kijivu hafifu, halafu hakuna. Kosa la wengi ni kutumia upande uleule wa kitambaa mpaka mwisho. Hapo huondoi mafuta, unayasambaza kwa usawa. Mimi hutumia si chini ya karatasi sita kwa diski moja. Pita kwenye kingo na ndani ya matundu pia, maana mafuta hujificha humo na kutoka joto likipanda.

Kisha chukua msasa laini, sugua uso wa diski kwa duara ndogondogo, pande zote mbili, kwa nguvu kidogo tu. Lengo si kupunguza chuma. Unaondoa ule utando wa pedi ya zamani, ambao nao una mafuta ndani yake. Diski ikitoka kung'aa na kuwa na mikwaruzo hafifu isiyo na mwelekeo, inatosha. Maliza kwa alkoholi tena na uiache ikauke.

Ukiwa hapo pima unene kwa vernia, kile kipimo cha kubana, kama unayo. Diski nyingi za Shimano zimeandikwa zenyewe kwamba zisitumike zikifika milimita 1.5. Ukisikia ukingo mkali wa ngazi kwa ukucha kati ya sehemu inayoguswa na pedi na ile isiyoguswa, diski imechakaa, na hakuna usafi utakaoinyamazisha.

Hatua ya nne: hatima ya pedi

Hapa niseme ukweli wangu. Kama mafuta ni ya breki yenyewe, au ni silikoni, tupa pedi. Usizipe nafasi. Kama ni alama za vidole, utando wa sabuni au ukungu mdogo wa oili ya mnyororo uliougundua mapema, jaribu kuziokoa, mara moja tu. Zikishindwa, hazikuwa za kuokolewa.

Laza msasa wa namba 80 au 120 kwenye kioo. Weka pedi kifudifudi, ikandamize kwa vidole viwili juu ya bamba, na uisogeze kwa kuchora nane. Nane, siyo mbele na nyuma, kwa sababu mkono una tabia ya kulemea upande mmoja na pedi itatoka mshazari. Baada ya mizunguko kumi igeuze uitazame. Mng'ao unatakiwa kupotea uso mzima, ubaki uso wa vumbi uliofifia. Kama katikati pamefifia na pembeni pangali panang'aa, endelea. Ukifikia uso ulio sawa, simama. Pedi mpya ina nyama ya milimita chache tu, usiimalize kwenye kioo.

Sasa kipimo. Loweka uso kwa alkoholi, acha ikauke, kisha pasha pedi joto kwa hewa ya moto ya kifaa cha kukaushia nywele, au iweke juani kwenye bati kwa saa moja. Ikandamize kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikibaki safi, kuna matumaini. Ikitoka doa linalopenyeza mwanga kama karatasi ya maandazi, mafuta yako ndani. Rudia msasa na alkoholi mara moja tena. Doa likirudi, pedi imekwisha.

Utasikia habari za kuzichoma pedi kwa moto wa gesi mpaka moshi ukome. Nimejaribu. Pedi za chuma wakati mwingine huvumilia, kwa kuwa zimetengenezwa kwa joto kali tangu mwanzo. Pedi za resini, zile ambazo unga wake umeshikwa kwa gundi ya resini, huungua kabla ya mafuta kuisha, zinabaki mkaa, na gundi inayoshika nyama kwenye bamba inaweza kulegea. Hebu fikiria nyama ya pedi ikibanduka katikati ya mteremko. Moshi wake pia ni sumu, na kama ulizisafisha kwa dawa ya breki za magari yenye klorini, joto linaweza kuigeuza kuwa gesi hatari sana. Kwa bei ya jozi moja ya pedi, sioni kwa nini mtu acheze huo mchezo. Na jiko la kupikia lisihusishwe.

Ukinunua mpya, angalia kilichoandikwa kwenye diski. Diski za bei nafuu nyingi zimeandikwa kuwa ni za pedi za resini pekee. Ukizifunga pedi za chuma, diski italiwa haraka. Pedi za resini ni kimya na hushika mapema, ila huisha upesi kwenye tope. Za chuma hudumu na kuvumilia joto, ila hulia zaidi, hasa zikilowa.

Hatua ya tano: kufunga

Shika pedi kwa kingo zake. Zipange na springi katikati, ziingize, pitisha pini, rudisha klipu. Vuta kidogo uhakikishe hazitoki. Watu wengine hupaka grisi nyuma ya pedi kama wanavyofanya kwenye magari. Kwenye baiskeli nafasi ni finyu mno na joto liko karibu mno. Grisi itahamia mbele.

Rudisha gurudumu na ukaze ekseli baiskeli ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, isipinde. Bana mkono wa breki mara kadhaa mpaka uwe mgumu. Halafu legeza bolti mbili za kalipa kiasi cha kuifanya icheze pembeni, bana breki kwa nguvu na uendelee kubana, kaza bolti hii kidogo, ile kidogo, kwa zamu, mpaka mwisho. Ukikaza moja moja kwa moja hadi mwisho, inaivuta kalipa pembeni. Kwa kalipa nyingi za Shimano nguvu ya kukaza ni nyutoni mita 6 hadi 8. Kwa aina nyingine fuata maandishi yake.

Zungusha gurudumu, chungulia kupitia kalipa ukiweka karatasi nyeupe upande wa pili. Unatakiwa kuona mistari miwili ya mwanga, mmoja kila upande wa diski. Ukiona mmoja tu, legeza usogeze kwa mkono.

Hatua ya sita: kuzifundisha pedi

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, kisha wanasema kusafisha hakufanyi kazi. Breki ya diski haishiki kwa pedi kusugua chuma kitupu. Inashika vizuri pale utando mwembamba wa pedi unapohamia kwenye diski, ukatanda sawasawa. Wewe umetoka kuusugua utando huo wote. Ukienda moja kwa moja mlimani, breki haitakuwa na nguvu, utaibana kwa hofu, itapata joto kupita kiasi na kuungua.

Tafuta mahali tambarare au mteremko mdogo sana, pasipo na magari. Endesha kwa mwendo wa wastani, kama kilomita 20 kwa saa, bana breki moja kwa uthabiti mpaka ufikie mwendo wa kutembea, kisha achia. Usisimame kabisa, usifunge gurudumu. Ukisimama huku umebana, pedi yenye joto inaacha bonge la utando mahali pamoja, na breki itatetemeka kila bonge hilo likipita. Rudia mara 20. Kisha ongeza mwendo kidogo, rudia mara 10 zaidi. Halafu breki ya pili.

Mara tano za kwanza hazitakufurahisha. Breki itakuwa butu, huenda ikalia. Karibu na ya kumi utaanza kuhisi kitu kinabadilika kwenye kidole, mkono wa breki unahitaji nguvu kidogo kwa matokeo makubwa zaidi. Hiyo ndiyo ishara. Kama umefika ya ishirini na bado inateleza na kupiga yowe lilelile, pedi hazikupona. Weka mpya, na ndiyo, safisha diski tena kabla ya kuziweka.

Ukimaliza usiiguse diski uone kama imepata moto. Imepata.

Baada ya hapo

Kinga ni kazi ya sekunde chache. Acha oili ya kupulizia. Tumia ya matone, tone moja kwa kila kiungo cha mnyororo, kisha pangusa inayozidi. Kama huna ila ya kupulizia, toa gurudumu la nyuma au vika kalipa na diski mfuko wa plastiki. Ukisafirisha baiskeli nyuma ya gari, zifunike diski, kwa sababu barabara yenye mvua ina mafuta ya magari yote yaliyopita.

Na tenga vitambaa. Cha breki mimi nakiweka kwenye mfuko wake wenye zipu, pamoja na chupa ya alkoholi. Kikidondoka sakafuni karibu na mnyororo, kimeshushwa cheo: kuanzia siku hiyo ni cha mnyororo, na hakirudi tena mfukoni.